Midoli ya Kufuma: Kwa Nini Umbo Huharibika na Namna ya Kulirekebisha



Katika sharika zetu za Mbeya na Iringa, kufuma kwa kroshia si jambo geni. Ukikaribishwa sebuleni utakuta vitambaa vya kufuma vimetandikwa kwenye makochi na mezani, kazi ya mikono ya mama mwenye nyumba. Ujuzi huo huo unaweza kufuma midoli ya wanyama, kama vile tembo, twiga na simba, na kuiuza kwa wageni wanaopita Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Lakini mdoli una masharti yake. Tembo mwenye kichwa kilichoinama au miguu isiyolingana hununuliwa kwa huruma, na anayenunua kwa huruma hununua mara moja tu. Uzi uliotumika ni mtaji wa kikundi, pengine ni mkopo wa VICOBA unaosubiri marejesho. Pale Iringa mjini tuna mfano wa Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza bidhaa za mikono. Mgeni hubeba bidhaa ya namna hiyo hadi kwao kwa sababu ni nzuri.

Habari njema ni kwamba kasoro nyingi za umbo hazitokani na kukosa kipaji. Zina sababu zinazojulikana, na nyingi huanzia kwenye hesabu.

Chanzo: mkono uliozoea kitambaa

Kitambaa cha kochi hufumwa kwa mishono mirefu na hutakiwa kulala bapa. Kwa kawaida duara la mishono mirefu huanza na mishono 12, na kila mzunguko huongezwa 12. Mdoli hufumwa kwa mishono mifupi iliyobanana, ili pamba isitokeze. Duara lake huanza na mishono 6, na kila mzunguko huongezwa 6: 6, 12, 18, 24, 30, 36. Kuongeza ni kufuma mishono miwili katika tundu moja. Mama aliyezoea vitambaa akiongeza kwa mazoea yake ya zamani, kichwa cha tembo hutoka na mawimbi kama pindo la gauni.

Kichwa cha mviringo chenye mishono 36 hufumwa hivi: ongeza hadi 36 kwa mizunguko 6, fuma mizunguko 6 bila kuongeza wala kupunguza, kisha punguza 6 kila mzunguko hadi ibaki 6. Kupunguza ni kuunganisha mishono miwili iwe mmoja. Pamba ijazwe kabla tundu halijawa dogo.

Kasoro na tiba zake

1. *Duara lina mawimbi.* Mishono imezidi. Fumua hadi mzunguko wa mwisho wenye hesabu sahihi.

2. *Duara linajikunja kama kikombe mapema.* Mishono imepungua, au mkono unabana uzi mno. Hesabu kwanza, hesabu ikiwa sahihi, tumia sindano nene kidogo.

3. *Kichwa kina pembe sita.* Nyongeza zimepangwa moja juu ya nyingine katika kila mzunguko. Hesabu ibaki ile ile, ila sehemu za kuongezea zihamishwe kila mzunguko.

4. *Pamba inaonekana.* Sindano ni nene kuliko uzi, au mdoli umeshindiliwa mno. Tumia sindano nyembamba, na jaza pamba kwa vipande vidogo vilivyochambuliwa. Donge moja kubwa huacha vinundu.

5. *Kichwa kinainama.* Shingo ni nyembamba au haina pamba ya kutosha. Acha tundu pana zaidi shingoni, lijaze vizuri, kisha shona kuzunguka mara mbili.

6. *Miguu hailingani.* Hesabu mizunguko ya kila mguu. Kabla ya kushona, bandika miguu yote kwa pini, simamisha mdoli mezani na uutazame kutoka mbele na pembeni.

Kwa kuwa mdoli hufumwa mfululizo bila kufunga mzunguko, ni rahisi kupoteza hesabu. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, na ukihamishe kila unapofika. Kufumua mizunguko miwili leo ni nafuu kuliko kutupa mdoli mzima kesho, kwani kosa la mzunguko wa tano haliwezi kufichwa kwa pamba.

Kwa kamati za sharika

Kila mfumaji afume duara la mishono 36 kwa uzi na sindano ile ile, kisha yapimwe kwa rula. Yakitofautiana, mikono inabana tofauti. Anayebana abadilishiwe sindano, au mtu mmoja afume viungo vyote vya mdoli mmoja. Kichwa cha mama huyu na mwili wa mama yule havitalingana.

Ukaguzi ufanyike kabla ya mdoli kufungwa, wakati kasoro bado inarekebishika. Kwa midoli ya watoto wa chini ya miaka mitatu, macho yadariziwe kwa uzi. Kifungo kinaweza kung'oka na kumkaba mtoto.

Kwa wafadhili na marafiki

Tunashukuru kwa nyuzi zinazotumwa kutoka mbali. Hata hivyo, mfuko wenye nyuzi za unene mbalimbali huleta midoli ya maumbo mbalimbali, hata mfumaji akihesabu vizuri. Msaada unaofaa zaidi ni uzi wa unene mmoja wa kutosha oda nzima, pamoja na sindano za namba moja kwa kikundi kizima.

Dorkasi wa Yafa, tunayemsoma katika Matendo ya Mitume sura ya 9, alikumbukwa na wajane kwa nguo alizowashonea, nao walizileta na kumwonyesha Petro. Kazi za kina mama wetu nazo zifikie ubora wa kuonyeshwa popote bila maelezo ya huruma.