Kwa nini Legio Maria wana Masihi mweusi

Ukitoka Rongo kuelekea Migori, Uriri iko njiani. Tangu kazi inilete huku kutoka Mombasa, swali ninaloulizwa sana na jamaa zangu wa Pwani halihusu miwa wala tumbaku. Wanauliza habari za wale watu wa kanzu za rangi, rozari shingoni. "Hao ni Wakatoliki au ni nini?" Na aghalabu swali huja na kicheko.

Hao ni Legio Maria, na mambo yao hayaeleweki bila kujua rangi ya ngozi ilivyokuwa na uzito kanisani.

Tuanzie kwetu. Mwaka 1885, Askofu James Hannington aliwapa daraja ya ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika wa misheni ya Frere Town na Rabai waliowahi kuwa watumwa. Mtu angedhani miaka michache baadaye tungepata askofu mweusi. Wapi! Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu mwaka 1955, Namirembe, Uganda, tena kama wasaidizi wa askofu wa Mombasa. Miaka 70 nzima. Katikati ya hapo makatekista Waafrika ndio waliotembea vijijini kufundisha, lakini mshahara, nyumba na neno la mwisho vilikuwa vya mzungu.

Nyanza walichoka mapema. Johana Owalo, aliyepitia Ukatoliki, Uprotestanti na hata Uislamu, alianzisha Nomiya mwaka 1914, na wafuasi wake hutahiri wavulana kama sisi. Wajaluo kutahiri, fikiria!

Kusini mwa Nyanza, Ukatoliki uliletwa na mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza. Ubatizo ulidai mafundisho marefu, na mwenye wake wengi alibaki nje. Picha ukutani zilionyesha Yesu mweupe na Maria mweupe. Shetani ndiye aliyechorwa mweusi. Mtoto akikua akitazama picha hizo kila Jumapili, hahitaji kuambiwa lolote.

Ndipo mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru, wakatokea Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mama kijana aliyefiwa na watoto wake wawili. Akaanza kubatiza papo hapo, bila malipo, na kuombea waliodhani wamelogwa. Watu wakamfuata kwa maelfu. Ondeto, kwa wafuasi wake, si nabii tu: ni Mwana wa Mungu aliyerudi katika mwili wa Mwafrika. Jina walilitoa kwa chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, Legio ya Maria.

Mimi Muislamu, dai hilo silikubali, na Wakristo wengi wa hapa Uriri hawalikubali pia. Lakini swali lililo nyuma yake nalielewa vizuri: ikiwa Mungu ni wa wote, mbona kila aliyekuja kwa jina lake ana sura ya bwana DC?

Haki itendeke, hadithi hii ina mafundo yake. Kanisa lilipogawanyika, askofu wa Kisii hakuwa mzungu. Alikuwa Maurice Otunga, aliyeshika jimbo hilo tangu 1960. Kwa hiyo kubadilisha aliyekalia kiti hakukutosha. Picha, lugha na masharti vilikuwa vile vile. Na Legio wenyewe wakashikilia Kilatini, wakaweka papa na makadinali wao, wakati Roma ikiruhusu misa kwa lugha za watu. Wengine huliona jambo hilo kama kichekesho. Mimi naona watu waliodai vyombo vya nyumba ile ile waliyofungiwa mlango. Kinachonisikitisha ni Aoko: kanisa lililosimama kwa mgongo wake halikumpa mwanamke upadri, naye akaishia kuondoka.

Ondeto alifariki mwaka 1991. Kaburi lake liko Got Kwer, hapa kaunti ya Migori, na mahujaji humiminika huko. Wengine hupita Uriri na mizigo kichwani, wakiimba. Wakiuliza njia tunawaonyesha, na mama wa kibanda cha chai, ambaye ni Msabato, huwapa maji ya kunywa wala hachukui pesa.