Mchango wa ndugu kwa mdaiwa anayekaribia kufilisika

Mfanyabiashara wa mboga wa Lukozi au Mlalo hukopa benki, akachukua kabichi na karoti kwa wakulima kwa mali kauli, akapakia lori kwenda Dar es Salaam. Bei ikianguka misimu miwili mfululizo, wadai wanapanga foleni mlangoni. Hapo ukoo hukaa kikao: mjomba anatuma kutoka Tanga, shangazi anauza ng'ombe, vijana walioko mjini wanachanga kwa simu. Naupenda sana moyo huo, ndiyo maana inaniuma kuona fedha hizo zikipotea kwa kukosa ushauri wa siku moja.

Sheria yetu ya Ufilisi, Sura ya 25, ina msingi wake katika sheria ya Uingereza ya 1914. Kwa sheria yetu, zawadi ikishafika mikononi mwako ni mali yako. Mahakama ikikutangaza mufilisi, kilichobaki kinaingia kwenye fungu la kugawiwa wadai wote. Vinavyosalimika ni vichache: zana za kazi, nguo na matandiko ya familia, tena kwa kiwango cha thamani kilichowekwa. Wengi hudhani dawa ni kuwaambia ndugu wasubiri tangazo lipite. Sivyo. Hata zawadi inayokuja baadaye, kabla hujaondolewa ufilisi, mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya mufilisi, anaweza kuidai.

Kosa baya zaidi hufanywa kwa nia njema. Mtu anaona aibu, anamrudishia mjomba fedha zake kimyakimya wiki chache kabla ya kwenda mahakamani. Huko ni kumpendelea mdai mmoja, na mjomba anaweza kutakiwa azirudishe. Kumwandikia kaka shamba ili lisiguswe nako kunaweza kubatilishwa. Kuficha mali ni kosa la jinai, na miamala ya simu huacha kumbukumbu.

Kwa hiyo kikao cha ukoo kiamue mapema: fedha hizi ni zawadi au mkopo? Kama ni mkopo, uandikwe wakati huohuo, na mjomba atasimama pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Kama ni ada ya mtoto, ilipwe shuleni moja kwa moja bila kupita kwako. Na kila ulichopokea kitajwe kwenye taarifa ya mali na madeni.

Iko njia ninayoipendelea kuliko zote. Ndugu washike mchango wao, kisha mdaiwa apeleke kwa wadai pendekezo la kulipa sehemu ya deni kwa fedha hizo. Wakikubali wadai walio wengi, wenye robo tatu ya thamani ya madeni, na mahakama ikaridhia, hata waliopinga wanafungwa nalo. Benki iliyoshika hati ya shamba bado ina haki yake juu ya dhamana hiyo, basi mazungumzo nayo yaanze kabla mchango haujakusanywa.