Fegi Moja Tu Msibani

Kama umewahi kuacha sigara halafu ukarudia, vuta kiti tukae. Mimi nimeacha mara tano. Tatu za mwanzo sizisemi, ni aibu tupu. Hizi mbili za mwisho ndizo zina mambo.

Nakaa Bangwe, hapa Kigoma. Mchana niko ofisini mjini, lakini alfajiri nilikuwa nashuka mwaloni kununua dagaa wa biashara ya mama watoto. Kibaridi cha ziwa unakijua? Wavuvi wanarudi na taa zao, unasubiri mzigo, mtu anakunyooshea fegi. Unakataaje? Ndivyo nilivyofika sigara kumi na tano kwa siku, mbili tatu kabla jua halijachomoza.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Usiku mmoja alihamishia mto wake miguuni kwa kitanda, akasema, "Mume wangu, huko juu sipati hewa." Basi.

Kusema kweli nilikuwa najua yote. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na si chini ya 70 kati yake zinasababisha saratani. Mjamzito akivuta moshi wa mwenzake, anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Kujua hakukunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni ule mto, pamoja na serikali, bila yenyewe kujua: kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, samaki wazaliane. Biashara yetu ikalala, lakini na wa kuninyooshea fegi hakuwepo tena. Nikasema sasa au basi.

Siku tatu za kwanza usiombe. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu ukivuta, sasa ubongo uliozoea zawadi ukinyimwa, unanuna. Kichwa, hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Kuna siku niligombana na kuku! Ila nikagundua kitu: hamu yenyewe ikija haikai, ni dakika chache inapita. Mke wangu akawa mshika saa. Ikinibana namwambia, ananipa karanga, tunapiga stori mpaka ipite. Na hakuwahi hata siku moja kunusa shati langu. Wadada, hapo mchukue kitu.

Ziwa likafunguliwa, mtoto akazaliwa, mwaloni nikawatangazia jamaa kwamba nimeacha. Walicheka, kisha wakazoea. Mwezi wa saba nikajiona nimemaliza kazi.

Halafu akafariki mjomba, Ujiji. Usiku wa matanga, moto umewaka, wanaume tumekaa, pakiti inazunguka. Moja tu, nikasema, ya huzuni. Kesho yake tatu. Hadi arobaini nilikuwa nanunua pakiti yangu mwenyewe na kutafuna pipi za mnanaa kama mtoto wa shule.

Siku moja nimerudi, mke wangu akaninyooshea mtoto nimbebe. Nikarudisha mikono nyuma. Nikamwambia mwenyewe, kabla hajauliza. Hakusema "kwa nini". Aliuliza, "Ngapi kwa siku?" Nikajibu, tisa. Akamrudisha mtoto begani, akaenda jikoni akarudi na bakuli la karanga.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2025, na sijavuta tena. Wataalamu wanasema ukimaliza mwaka bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Hamu bado hunijia, mara chache, hasa nikinusa moshi wa kuni usiku.

Majuzi tumepata msiba mwingine. Moto ukawashwa, pakiti ikaanza kutembea. Niliinuka nikaenda uani kuosha masufuria na mashemeji zangu. Wamenicheka mpaka asubuhi.