Madaftari ya Zamani katika Kompyuta Mpya

Mfanyabiashara anunuapo kompyuta mpya huhesabu bei ya chombo, akaongeza ada ya programu, akadhani kwamba gharama imekwisha; kumbe lililo ghali zaidi limo katika faili kongwe alizozirithi, ambamo kanuni za mishahara, bei za bidhaa na riba za mikopo zilitiwa na makarani wa miaka thelathini iliyopita, aghalabu bila ya kuandikwa popote pengine. Kuzihamisha faili hizo zifike na maana yake kamili ni kazi ambayo, kwa maoni yangu, bado haijapewa taadhima inayoistahili.

Asili ya lahajedwali za kompyuta za mezani ni mwaka 1979, ilipotoka VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston kwa kompyuta ya Apple II, na karani aliyezoea kufuta na kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya tarakimu moja akaona hesabu zikijirekebisha zenyewe mbele ya macho yake. Mwezi wa Januari 1983 kampuni ya Lotus, ikiongozwa na Mitch Kapor, ikatoa 1-2-3, ambayo Jonathan Sachs aliiandika kwa asembli, lugha isemayo na mashine karibu bila ya mkalimani. Nayo ikapeleka tarakimu moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kioo, ikawapita wapinzani wake kwa kasi. Kasi hiyo iliiuza, na kasi hiyo hiyo ikaifunga katika chombo cha zama zake.

Katika Lotus siku zilihesabiwa tangu 1 Januari 1900, iliyopewa namba 1, na mwaka huo ukachukuliwa kuwa mwaka mrefu, wenye siku 366, ingawa kwa kanuni ya kalenda mwaka unaofunga karne hauwi mrefu ila ugawanyikapo kwa 400. Basi ikazaliwa tarehe 29 Februari 1900, ambayo haikupata kuwako duniani, na kila tarehe iliyoifuata ikazidi kwa namba moja. Microsoft walipoitengeneza Excel, iliyotoka mwaka 1985 kwa Macintosh na 1987 kwa Windows, walilijua kosa hilo, wakalirithi kwa makusudi katika toleo la Windows, ili mteja atokaye Lotus asione tarehe zake zimehama. Na hadi leo limo. Naliona tendo hilo kuwa la busara kubwa ya biashara, kwa kuwa mwenye duka hakutaka kalenda iliyo sahihi zaidi, bali alitaka deni la mteja wake liangukie siku ile ile. Excel ya zamani ya Macintosh, kwa upande wake, ilianza kuhesabu mwaka 1904, na tofauti ya mifumo hiyo miwili ni siku 1,462; anayenakili tarehe kutoka faili moja hadi nyingine bila ya hadhari huweza kuusogeza mkopo kwa miaka minne na siku moja.

Vipimo navyo hubadilika. Faili za Excel za mtindo wa zamani hukomea mistari 65,536, na tangu toleo la 2007 mtindo mpya huchukua 1,048,576. Uingereza iliyaonja madhara ya tofauti hiyo mwaka 2020, wakati data za vipimo vya korona zilipopitishwa katika faili za mtindo wa zamani, mistari iliyozidi ikaachwa nje, na taarifa za wagonjwa 15,841 zikachelewa kuhesabiwa.

IBM, iliyoinunua Lotus mwaka 1995 kwa dola bilioni 3.5 hivi, iliacha kuihudumia 1-2-3 mwaka 2014, wala Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, kama yalivyo matoleo ya kale ya 1-2-3. Mwenye faili hizo huweza kutumia DOSBox, inayoigiza kompyuta ya kale ndani ya mpya, au kuzifungua kwa LibreOffice, inayosoma aina nyingi za faili za Lotus. Njia ya kwanza huihifadhi kazi ilivyo lakini huitenga na programu nyingine za ofisi; ya pili huzichukua hesabu, lakini makro, yale maagizo yaliyokuwa yakiendesha kazi ya mwisho wa mwezi, aghalabu hayana budi kuandikwa upya.

Fundi mwaminifu, kwa hiyo, haiondoi kompyuta ya zamani siku anayoileta mpya. Huziendesha pamoja hadi hesabu za mwezi zifungwe, akalinganisha jumla kwa jumla, na penye tofauti ya senti tano akaifuata fomula hadi chimbuko lake; na iwapo karani aliyeitunga yu hai na yu kazini, huketi naye, akamwomba aeleze kwa nini bei ya bidhaa fulani inazidishwa kwa 1.07. Saa za mazungumzo hayo hazimo katika hati nyingi za bei, na matajiri wanaozikataa huja kuzilipia baadaye, karani akiisha kustaafu.