Kiwanda cha Urafiki: Urithi wa Pamba na Heshima ya Kazi

Msafiri atokaye Njombe au Makambako kuelekea katikati ya jiji la Dar es Salaam, akiisha kupita Ubungo katika Barabara ya Morogoro, hukuta kituo cha mabasi yaendayo haraka kiitwacho Urafiki. Wengi hudhani ni jina la mtaa tu. Kwa kweli ni jina la kiwanda cha nguo kilichowavisha Watanzania khanga, vitenge na mashuka kwa miaka mingi.

Sisi Wakatoliki tumezoea kuyatunza makanisa ya wamisionari, na tunafanya vema. Lakini je, majengo ambamo watu walitoa jasho lao hayastahili kutunzwa? Kanisa linafundisha kwamba kwa kazi mwanadamu hushiriki kazi ya Muumba. Basi mahali pa kazi nako pana ushuhuda wake.

Pamba yenye machozi

Historia ya pamba nchini mwetu haikuanza kwa furaha. Utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wananchi wa kusini kulima pamba kwa ujira usiofaa kitu. Mwaka 1905, huko Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vita hivyo vilienea hadi Ubena. Kanisa nalo liliguswa: mwezi Agosti mwaka huo Askofu Kasian Spiss, O.S.B., aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili.

Baada ya Uhuru, zao lile lile lilitakiwa liwe na maana nyingine: pamba ya mkulima wetu ifumwe na mikono yetu, imvike mtu wetu. Mwaka 1965 Tanzania na China zilitia sahihi mkataba wa urafiki. Kiwanda kikajengwa kwa msaada wa China, nacho kikafunguliwa mwaka 1968. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1967, mambo mawili yalitokea: mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi Machi Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake *Populorum Progressio*, akifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu, na ya mtu mzima, mwili na roho.

Jengo linavyosema

Kiwanda cha nguo hujengwa kwa kufuata safari ya pamba. Marobota huingia upande mmoja, yakafunguliwa na kusafishwa. Kisha pamba husokotwa nyuzi. Nyuzi za mtande na za mshindio hukutana katika mitambo ya kufumia. Mwishoni kitambaa hutiwa rangi na kuchapwa maua na maandishi. Katika kiwanda cha Urafiki hatua hizi zote ziliwekwa pamoja.

Ukumbi wa kazi huwa mpana, kwa kuwa mitambo hupangwa safu kwa safu. Viwanda vingi vya namna hii duniani vina paa la meno kama ya msumeno. Upande wenye vioo huelekezwa mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, ili mfumaji auone uzi bila kuumizwa macho. Hewa hutiwa unyevu, maana ikikauka uzi hukatika. Lakini hewa hiyo hiyo ikijaa vumbi la pamba, huyadhuru mapafu ya mfanyakazi. Kwa hiyo madirisha, matundu ya hewa na nyumba za wafanyakazi hutuambia jinsi mtu alivyothaminiwa mbele ya mashine. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alikaza kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji.

Tutunze nini?

Huko Crespi d'Adda, Italia, kijiji kizima kilichojengwa kwa ajili ya kiwanda cha pamba tangu mwaka 1878, pamoja na kanisa, shule na nyumba za wafanyakazi, kiliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Makaburini, kaburi la familia ya mwenye kiwanda limesimama juu mno kuliko makaburi ya wafanyakazi. Waliokitunza hawakuuficha ukweli huo. Nao pia ni fundisho.

Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la mwaka 1968 huhitaji tamko la Serikali. Bila tamko, au bila wananchi wanaojali, majengo hayo yaweza kuondoka, na kumbukumbu ikaondoka nayo.

Hata hapa Njombe tunacho cha kutunza. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949, na familia nyingi zimelelewa kwa kazi hiyo. Ndugu waamini wa Mjimwema na kwingineko, tuwaulize wazee wetu: mlifanya kazi gani, wapi, kwa ujira gani? Jumuiya Ndogo Ndogo ziyaandike majibu hayo na kuhifadhi picha za zamani katika ofisi ya parokia. Wakongwe wakiondoka hatutapata wa kumwuliza tena.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.