Hoteli za Ufukweni Zinapanua Kumbi: Jinsi ya Kupata Oda ya Watu 80 Bila Kuua Mtaji



Leo tuongee kuhusu jambo ambalo wengi tunaouza kwenye Instagram na status za WhatsApp tunaona halituhusu: hoteli za ufukweni kuongeza kumbi za mikutano na sehemu za kulia chakula ili zipokee makundi. Mimi nauza korosho, asali na mifuko ya zawadi. Sina duka, nafungasha nyumbani. Oda zangu kubwa zinatoka kwa makundi yanayokwenda Bagamoyo na Kigamboni kwa semina, mafunzo na sherehe za mwisho wa mwaka. Hela ipo huko, lakini oda hizo hizo zinaweza kukumaliza mtaji. Twende taratibu.

KWA NINI HOTELI INAJENGA UKUMBI?

Mgeni wa kupumzika anakuja kwa msimu. Masika ya Machi hadi Mei ikifika, ufukwe unapoa. Hata kiangazi, Jumatatu hadi Alhamisi vyumba vingi vinakuwa wazi. Kundi la semina linafanya kinyume chake: linaingia Jumapili jioni, linaondoka Ijumaa, na linalala, linakunywa chai na kula hapohapo. Kwa hiyo ukumbi ni ndoana tu. Samaki wenyewe ni vyumba na chakula.

Na sehemu ya kulia je? Kama ukumbi ni mmoja, kila mchana wahudumu wanaondoa viti na kupanga meza, washiriki wamesimama nje wanasubiri. Halafu kuna wageni wengine waliolipia mapumziko. Hawapendi kupanga foleni ya chai nyuma ya watu 80 wenye vitambulisho shingoni. Ndo maana hoteli inayotaka makundi kweli inajenga vyote viwili, ukumbi na sehemu yao ya kulia.

Kwako wewe muuzaji, maana yake ni moja: mteja amebadilika. Badala ya mgeni mmoja mmoja anayechagua kwa macho, sasa kuna mtu mmoja anayenunua kwa niaba ya watu 80. Huyo hanunui kwa sababu picha ni nzuri. Ananunua kwa idadi, kwa tarehe na kwa karatasi.

JIFUNZE KUSOMA UKUBWA WA UKUMBI

Hoteli ikitangaza "ukumbi wa watu 200", uliza: wamekaaje? Kwa makadirio yanayotumika sana kwenye kazi hizi, viti vikipangwa mistari kama sinema, kila mtu anahitaji kama mita 1 ya mraba. Meza za duara za kulia zinataka kama mita 1.5 hadi 1.8 kwa mtu. Mtindo wa darasa, wenye meza za kuandikia, nao unakula nafasi kubwa kama hiyo au zaidi.

Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 20, yaani mita 200 za mraba. Kwa viti vitupu wanaingia karibu 200. Kwa meza za duara, ukitoa na jukwaa pamoja na njia za wahudumu, ni kama 110 tu. Meza moja ya duara ya mita 1.8 inakaa watu 10.

Faida ya kujua hili? Ukiletewa oda ya mapambo au zawadi za mezani, uliza idadi ya meza na idadi ya watakaokula. Usinunue mzigo kwa namba ya kwenye tangazo. Mifuko 90 iliyobaki yenye jina la semina ya watu wengine hutaiuza popote.

WANUNUZI NI WATATU, USIWACHANGANYE

1. Hoteli yenyewe. Hii inanunua kidogokidogo mwaka mzima: asali ya mezani, korosho za vyumbani, sabuni, vikapu. Inatoa LPO, yaani hati rasmi ya oda, na mara nyingi inalipa baada ya siku 30 au zaidi.

2. Mwandaaji wa kundi. Huyu ni katibu wa taasisi, afisa utawala au kamati ya sherehe. Anataka mifuko, fulana, kofia, kamba za vitambulisho, zawadi za wageni rasmi. Ananunua mara moja, nyingi, na ana haraka.

3. Washiriki wenyewe. Hawa wananunua kwa simu zao wakati wa chai ya saa nne au jioni, zawadi za kupeleka nyumbani. Hapa unahitaji ruhusa ya hoteli kuweka meza. Usitokee tu na kapu getini.

Kwa hoteli, mtafute anayeshughulikia mikutano na sherehe, sio mapokezi. Na ujue hoteli nyingi haziruhusu chakula cha nje kuliwa ukumbini, kwa sababu chakula ndo biashara yao. Kwa hiyo ukiuza vitu vya kula, viuze kama zawadi iliyofungwa ya kwenda nayo nyumbani. Chenye nembo ya TBS kinakubalika kirahisi zaidi.

HESABU YA MTAJI, HAPA SOMA MARA MBILI

Tuseme umepata oda ya mifuko 80 ya zawadi. Unauza 12,000 kila mmoja, jumla 960,000. Gharama yako ni 8,500 kwa mfuko, jumla 680,000. Faida 280,000. Unafurahi, si ndiyo?

Sasa tuseme wanalipa baada ya siku 45. Hiyo 680,000 imefungwa mwezi mmoja na nusu. Kwenye biashara yako ya kila siku mtandaoni, tuseme mtaji unazunguka kila siku 15 na kukupa faida ya asilimia 15. Mzunguko mmoja wa 680,000 unakupa 102,000. Siku 45 ni mizunguko mitatu, yaani 306,000. Umeona? Oda kubwa imekupa 280,000, wakati oda ndogondogo zingekupa 306,000. Na wateja wako wa kila siku wamekuta huna mzigo, wameenda kwa mwingine.

Sasa ile oda ileile, dai malipo ya awali ya asilimia 70. Unapokea 672,000 kabla hujanunua chochote. Hela yako inayoingia ni 8,000 tu, na mtaji wako unaendelea na mizunguko yake. Faida ya 280,000 inakuja juu yake.

Kanuni yangu ni hii: malipo ya awali yafunike gharama ya mzigo. Kwa bidhaa zenye jina au nembo ya mteja, hiyo haina mjadala, maana haziuziki kwa mwingine. Mwandaaji akisema taasisi yake hailipi kabla, una njia mbili. Punguza oda iwe kiasi ambacho mtaji wako unabeba bila kuyumba, au weka bei inayolipia siku za kusubiri. Kukataa oda kwa adabu nako ni biashara.

KARATASI ZINAZOTAKIWA

Mteja wa kundi anahitaji ushahidi wa matumizi. Andaa mapema:

- TIN, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA kama unalo.
- Ankara ya awali yenye idadi, bei, tarehe ya kufikisha na masharti ya malipo.
- Risiti ya EFD kama biashara yako iko kwenye kundi linalotakiwa kutumia mashine. Hujasajiliwa VAT? Usimtoze mteja ile asilimia 18.
- Hati ya kupokelea mzigo. Anayepokea asaini na kuandika idadi. Bila saini hiyo, baadaye utaambiwa mifuko ilikuwa 74.

Ukitoa huduma badala ya bidhaa, kwa mfano kupamba ukumbi, jua kwamba mteja anaweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye 1,000,000 utapokea 950,000. Dai cheti cha hiyo 50,000, ni kodi uliyolipa tayari.

KALENDA NDIYO BOSI

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na semina nyingi hukimbizana na bajeti kabla ya hapo. Desemba kuna sherehe za wafanyakazi. Wikiendi ni harusi na send-off. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kinapungua na futari za makundi zinakuja jioni.

Mteja wa kawaida ukimchelewesha siku moja atakuvumilia. Kwa kundi, mzigo unaofika Jumamosi wakati semina imeisha Ijumaa ni takataka. Mimi nalenga mzigo ufike hotelini siku moja kabla, nakubaliana kwa maandishi nani anaupokea, na nauli ya kufika huko naiweka kwenye bei tangu mwanzo.

ANZA HIVI WIKI HII

Chagua bidhaa moja tu. Tengeneza bei tatu: ya watu 30, 50 na 100. Andika siku ngapi unahitaji kuandaa na malipo ya awali unayotaka. Weka kwenye ukurasa mmoja wenye picha mbili safi, tuma kwa hoteli tatu zenye kumbi karibu nawe na kwa maafisa utawala unaowafahamu. Baada ya siku tano piga simu kwa upole.

Ukipata oda, kabla ya kushangilia, kaa chini na kalamu upige ile hesabu ya siku 45. Ikikubali, kazi iendelee. Mwenye swali aulize hapo chini, tusaidiane.