Mtoto mahututi: Usisahau kuuliza sukari yake ni ngapi

MTOTO akichemka homa, wazazi wengi huuliza maswali mawili: ana malaria? Damu imepungua? Swali la tatu huwa halikumbukwi, nalo linaweza kuamua kama mtoto atapona: sukari yake ni ngapi?

Hapa hatuzungumzii ugonjwa wa kisukari. Tunazungumzia sukari ya kawaida iliyomo kwenye damu, ambayo ndiyo chakula kikuu cha ubongo. Ini la mtoto mdogo huhifadhi akiba ndogo tu, wakati ubongo wake unahitaji sukari nyingi. Akitapika au akikataa kula na kunyonya, akiba hiyo huisha haraka.

Malaria kali huzidisha tatizo. Vimelea hutumia sukari, na ini hushindwa kutengeneza nyingine ya kutosha. Sukari hushuka pia kwa watoto wenye maambukizi makali kwenye damu, kuhara sana au utapiamlo mkali, na kwa watoto wachanga.

Dalili zinazochanganya

Sukari ikishuka, mtoto hulegea, hutoka jasho, hupata degedege au hupoteza fahamu. Dalili hizo hizo huletwa na malaria iliyopanda kichwani. Wengine humsingizia shetani na kuanza safari ya kwa mganga, huku dakika zikipotea. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni tone moja la damu kwenye kifaa cha kupimia sukari, na majibu hutoka ndani ya dakika moja.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sukari iliyo chini ya milimoli 2.5 kwa lita ni hatari kwa mtoto mgonjwa. Kwa mwenye utapiamlo mkali, kiwango ni chini ya 3. Watoto wenye malaria kali walioshuka hivyo hufariki zaidi kuliko wenzao, na baadhi ya wanaopona hubaki na madhara kwenye ubongo.

Ufanye nini njiani?

Mtoto aliyezidiwa apelekwe hospitali mara moja. Kama anaweza kumeza, mnyonyeshe. Kama hanyonyi, mpe maziwa ya mama yaliyokamuliwa au maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, kwenye kikombe cha mililita 200 za maji safi. Mililita 30 hadi 50 zinatosha kabla ya kuondoka. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama tu.

Aliyepoteza fahamu au aliye kwenye degedege usimmiminie chochote mdomoni, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na muwahi.

Hospitalini, sukari ikiwa chini, hupewa dripu ya glukozi ya asilimia 10 kulingana na uzito wake, kisha hupimwa tena baada ya nusu saa, kwani inaweza kushuka mara ya pili.

Je, zaidi ni bora?

Hapana. Huko Malawi, watafiti waliwapa glukozi watoto mahututi ambao sukari yao ilikuwa imepungua kidogo tu, kati ya 2.5 na 5. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa hilo halikupunguza vifo.

Sukari kupanda nako kunatokea, kwa sababu mwili ulioelemewa na ugonjwa humwaga homoni zinazoipandisha. Si lazima iwe kisukari, na mara nyingi hushuka yenyewe mtoto akipata nafuu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliotumia insulini kuishusha hadi kiwango cha kawaida haukuwasaidia watoto. Waliobanwa zaidi ndio walioshuka sukari kupita kiasi mara nyingi zaidi.

Lakini mtoto mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara, aliyekonda na anayehema kwa nguvu, usimpe maji ya sukari kwa kubahatisha. Huenda ni kisukari, na wengi wa aina hii hutibiwa malaria kwanza. Naye apimwe haraka.

Mzazi, ukifika mapokezi, sema tangu lini mtoto hajala. Kisha uliza: “Sukari yake imepimwa? Ni ngapi? Itapimwa tena saa ngapi?” Si utovu wa adabu kuuliza. Ni sehemu ya kumuuguza mwanao.